Trekta Dogo la Dizeli Likilala Masika: Namna ya Kuliweka Bandani Mombasa

Kitabu kinachokuja na trekta dogo huwa na sura ya kuliweka wakati wa baridi. Sura hiyo imeandikiwa nchi ambako maji huganda ndani ya injini yakapasua bloki, na dizeli hushikana kama samli ya asubuhi. Mombasa hata usiku wa kipupwe joto hukaa karibu nyuzi 20, kwa hivyo nusu ya ushauri ule hapa hauna kazi, na nusu nyingine yafaa igeuzwe. Kinachoua trekta pwani ni unyevu uliobeba chumvi. Hauvunji kitu siku moja. Unakaa ndani ya tangi, chini ya matope yaliyokauka, nyuma ya kifuniko cha klachi, na Agosti ukija na ufunguo unakuta vitu vitatu vimekwama kwa pamoja.

Maelezo haya ni ya trekta la nguvu za farasi 20 hadi 40 linalolima kabla ya mvua kule Mwakirunge, Utange, Mtongwe au Shika Adabu, kisha likakaa tangu Aprili mpaka matayarisho ya vuli. Banda tunalolizungumzia ni la kawaida: paa, nguzo, labda kuta mbili.

Nunua vyote kabla ya kufungua nati hata moja: oili ya 15W-40, filta ya oili, filta ya dizeli, kopo la grisi ya lithiamu, kulanti, lita 5 za maji ya kuongezea betri, turubai, na mbao nne nene. Walio Likoni wanajua kwa nini tunasisitiza safari moja. Kukosa filta ya shilingi mia kadhaa kunaweza kukurudisha kwenye foleni ya feri saa tisa alasiri, huku sampu (bakuli la oili chini ya injini) iko wazi.

Banda kwanza

Paa la mabati hudondosha maji hata kama halina tundu. Usiku bati hupoa upesi kuliko hewa iliyo chini yake, unyevu unashika upande wa ndani, na kabla ya alfajiri matone yanaanza kuanguka juu ya kiti, dashibodi na boneti. Tundika jamvi au turubai la zamani kwa mteremko, futi moja chini ya bati, ili matone yakimbilie pembeni. Makuti hayatoi jasho hivyo, lakini yana panya na vumbi lake. Kati ya hayo mawili tungechagua makuti, kwa kuwa panya ana dawa.

Upepo wa kusi huja na mvua ya kulala kutoka kusini na kusini-mashariki. Ziba upande huo, uache ule wa pili wazi. Banda lililofungwa pande zote bila tundu la hewa ni baya kuliko lisilo na ukuta, kwa sababu unyevu ulioingia hauna pa kutokea. Sakafu ikiwa ya udongo au mchanga, tandaza karatasi nzito ya nailoni, juu yake weka mbao nne ambazo magurudumu yatasimama. Mchanga wa pwani hukaa na unyevu muda mrefu, na mara nyingi na chumvi pia.

Kuosha, na maji ya kuoshea

Osha kwa maji matamu: ya bomba, au ya mvua uliyokinga. Visima vingi vya mjini vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yana chumvi, chokaa, au vyote viwili. Kujua ni rahisi. Chukua kijiko cha maji ya kisima, mimina kwenye kipande cha kioo, weka juani. Yakikauka yakaacha ukungu mweupe unaokwaruzika kwa ukucha, hayo ya kuoshea miguu. Ukilioshea trekta umelipaka chumvi mpya kwa mikono yako.

Anza tumboni. Udongo na majani yaliyogandamana juu ya eksili, kwenye mikono ya plau na chini ya ubao wa kukanyagia hukaa kama sifongo, na kutu huanzia hapo. Usielekeze mpira wa presha kwenye sili za magurudumu, oltaneta wala mapezi ya rejeta. Mapezi yakilala, hewa haipiti tena. Mbegu za nyasi zilizonasa kwenye rejeta zitoe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa feni kwenda nje.

Halafu liendeshe nusu saa, ukanyage breki mara kadhaa. Joto la injini na mzunguko wa magurudumu hukausha mahali kitambaa kisipofika. Grisi itiwe baada ya hapo, kamwe si kabla: kila tundu la grisi lisukumwe mpaka grisi chafu itoke yote na mpya ionekane pembeni. Ikitoka na matone ya maji, endelea kusukuma.

Dizeli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo tukae kidogo.

Tangi lililo nusu lina nusu ya pili ya hewa. Mchana hewa hiyo hutanuka na kutoka kwenye tundu la kifuniko, usiku hujikunja na kuvuta hewa mbichi ya bahari. Kila usiku matone machache hushika ukuta wa tangi na kuteremka. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini kabisa, mdomoni mwa bomba linalokwenda kwenye pampu. Katika mpaka wa maji na dizeli huota vijidudu, na joto letu la nyuzi 25 hadi 32 wanalipenda mno. Filta iliyoshikwa na vijidudu hivi utaijua ukiitoa: ina ute mweusi unaoteleza vidoleni, na pengine harufu ya kitu kilichooza.

Kwa hivyo jaza tangi, ubakishe nafasi ya vidole viwili tu kwa ajili ya kutanuka. Kabla ya kujaza fungua nati ya chini ya tangi, au kile kibakuli cha filta, uteremshe dizeli kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi. Iache itulie usiku kucha. Ukiona mstari chini ya chupa, yale ni maji. Ukiona na utando wa kahawia juu ya mstari huo, ni vijidudu, na tangi linahitaji kusafishwa lote. Dawa ya kuviua huuzwa na wauzaji wa vifaa vya boti, maana wenye boti wana shida hiyohiyo. Fuata kipimo cha kwenye chupa, kwa kuwa kuzidisha hakuongezi faida.

Dizeli inunue kwenye kituo chenye shughuli nyingi, si ya mtungi wa kando ya barabara. Kuchanganya mafuta ya taa na dizeli kulikithiri hata serikali ikaweka mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kulainisha pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli ndani ya injini, na pampu ile haina oili nyingine ya kuilinda isipokuwa dizeli yenyewe. Katika nchi za baridi wapo waliozoea kuongeza mafuta ya taa ili dizeli isigande. Hapa hakuna cha kugandisha, na anayekushauri hivyo anakuharibia pampu.

Badilisha filta ya dizeli, toa hewa, kisha washa injini dakika 15 ili dizeli safi yenye dawa ifike mpaka kwenye nozeli. Watu wengi hutia dawa kwenye tangi wakazima palepale, wakaacha dizeli ya zamani imejaa kwenye pampu. Dizeli safi na kavu hukaa miezi minne bila wasiwasi.

Oili

Badilisha oili kabla ya kulaza, si baada ya kuamsha. Oili iliyotumika ina masizi, asidi na maji yaliyotokana na uchomaji, na ukiiacha miezi minne inakaa ikila beringi. Imwage ikiwa ya moto, mara tu baada ya lile zoezi la dakika 15, kwa sababu uchafu bado unaelea. Injini za ukubwa huu huchukua lita 3 hadi 6 hivi. Kipimo halisi ni cha kitabu na kijiti. Mpira wa filta mpya uupake oili kwa kidole, kaza kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana haihitajiki. Washa dakika mbili, zima, subiri, pima tena.

Oili chafu iweke kwenye galoni yenye mfuniko uipeleke kwa wanaokusanya. Mitaro ya hapa mwisho wake ni baharini.

Tazama pia oili ya gia na haidroliki. Ikiwa nyeupe kama maziwa ya chai, imeingia maji, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka kwenye shina la gia. Badilisha yote pamoja na mpira huo. Hii ni oili nyingi, lita 20 na zaidi, na inauma mfukoni, lakini gia zilizokaa ndani ya maji masika nzima zinauma zaidi.

Rejeta

Kwa sababu hakuna barafu, wengi hudhani kulanti ni anasa. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nusu kulanti na nusu maji huchemka karibu nyuzi 107, hata kabla ya kuhesabu shinikizo la kifuniko. Maji ya kuchanganyia yawe yasiyo na madini. Ukitumia ya kisima, chokaa yake hushika ndani ya mirija kama ile ya kwenye birika la chai, na trekta litachemka shambani Februari bila wewe kuona tundu lolote. Usiache rejeta tupu ukidhani unaikausha: kuta zenye majimaji zikikutana na hewa hushika kutu haraka kuliko zilizojaa. Kifuniko usikifungue injini ikiwa ya moto.

Betri

Baridi hugandisha betri iliyoisha chaji. Joto nalo huimaliza chaji hata ikiwa haijaunganishwa na kitu. Toa waya wa hasi kwanza, halafu chanya, uitoe betri yote. Ukiiacha, mwizi ataitoa kwa niaba yako.

Safisha vichwa kwa maji moto yenye magadi, ukichunga yasiingie ndani ya seli. Ikiwa ina vifuniko, ongeza maji kwa kipimo. Sema wazi dukani, maana kuna wanaoita asidi "maji ya betri": unachotaka ni maji matupu yasiyo na madini, si asidi. Ichaji mpaka ikitulia saa kadhaa isome volti 12.6 au zaidi. Pima kila mwezi, na ikishuka hadi 12.4 irudishe kwenye chaji. Betri ya asidi ikikaa chini ya hapo muda mrefu, sahani zake za risasi hufunikwa na ukoko mgumu ambao chaja haiuvunji. Wapo wanaoogopa kuiweka sakafuni wakidhani saruji hunyonya chaji, lakini hofu hiyo ni ya wakati wa betri zenye maganda ya zamani. Ya plastiki hainyonywi na saruji. Iweke tu mahali pakavu penye hewa. Vichwa vipake mafuta ya mgando.

Klachi

Hiki ndicho kitu kinachowashangaza watu Agosti. Sahani ya klachi imebanwa kwa springi kwenye gurudumu zito la injini, chuma kwa bitana. Unyevu ukipenya, ule uso wa chuma huota kutu nyembamba na bitana hushikamana nao. Unakanyaga pedali, inashuka vizuri kabisa kama kawaida, lakini gia zinapiga kelele na hazikubali kuingia, au trekta linakwenda ingawa umekanyaga.

Kinga yake ni kipande cha ubao. Kanyaga pedali mpaka chini, mwenzako apime umbali kutoka kwenye bati la pedali mpaka ukingo wa fremu ya kiti, kata ubao wa mbili kwa mbili wa urefu huo, uukwamishe hapo. Ufunge kwa kamba usichomoke. Baadhi ya matrekta yana kulabu ya kufanyia kazi hiyo. Angalia chini ya dashibodi kabla ya kukata mbao. Springi haitachoka. Trekta la haidrostati (linaloendeshwa kwa shinikizo la oili badala ya gia) lisilo na klachi kavu, ruka hatua hii.

Ikiwa imeshakwama, usikimbilie kufungua injini. Washa gia ikiwa huru, uache injini ipate moto kwa muda mrefu, hata saa nzima, kwani joto lenyewe hulegeza. Isipoachia, zima, lipeleke mahali wazi penye nafasi ya mita 50 mbele bila mtu wala ukuta, tia gia ya juu, kanyaga klachi, washa: trekta litaondoka papo hapo, kwa hivyo uwe umeshakaa sawasawa. Pedali ikiwa chini, piga breki za pande zote mbili kwa mkupuo, uachie, upige tena. Mara nyingi inaachia kwa mlio mmoja. Ikikataa baada ya majaribio machache, ni kazi ya fundi.

Mengine kwa haraka

Teremsha plau au slasha mpaka chini, mitungi ya haidroliki iwe imerudi ndani. Fimbo ya kromu iliyobaki nje ikishikwa na chumvi hutoboka vidoa, na kila kidoa kitakata sili. Isiyoweza kurudi, ipake grisi. Shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha zana, vilevile. Uso wa plau uliong'aa kwa kulima upake grisi mpaka usionekane. Ukishika kutu, udongo hautateleza tena na trekta litavuta mzigo mara mbili. Wapo wanaopaka oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Inazuia kutu, ndiyo, lakini inakula mpira, inachafua udongo, na kila ukigusa trekta unatoka mweusi.

Matairi yabaki na upepo wa kawaida na yasipigwe jua. Ikiwa uliweka maji ndani ya matairi ya nyuma kwa uzito, maji matupu yanatosha. Chumvi ya kalsiamu wanayotia nchi za baridi ni ya kuzuia kuganda, na hapa ingekulia rimu bure.

Vika kopo kwenye ekzosi na uzibe mdomo wa kuvutia hewa kwa kitambaa ndani ya mfuko. Nyigu wa udongo hawahitaji wiki kujenga ndani ya bomba, na kibomba chembamba cha kupumulia cha tangi au cha gia wanakiziba kwa siku. Hicho kifunike kwa wavu mwembamba, kisizibwe. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani kwa kila kitu ulichoziba. Viwili vimezibwa, vitambaa viwili. Mabaki ya mahindi na magunia yaondoke bandani, kwa kuwa panya hufuata chakula kwanza na nyaya baadaye.

Turubai liwekwe injini ikiwa imepoa kabisa, liishie magotini mwa magurudumu. Likifika chini likafungwa, umetengeneza sufuria ya kuvukizia.

Wakati limelala

Usiliwashe dakika tano kila Jumamosi "lisizoee kulala". Injini isiyofika joto lake hujaza maji kwenye oili na ekzosi, na unazima kabla hayajakauka. Ama uliache, ama uliwashe mara moja kwa mwezi na ulifanyishe kazi dakika 40 mpaka kila kitu kiwe moto. Ukichagua kuliacha, kila ziara ya mwezi inua turubai nusu siku ya jua, papasa chini ya boneti, tazama kama kuna kiota. Usipulize oili kwenye mdomo wa hewa huku injini inazunguka, kama wafanyavyo kwa injini za petroli. Dizeli huweza kuichoma oili hiyo kama mafuta yake, ikapanda mzunguko bila kusikia kizimio, kile kivuta cha kuzimia injini.

Kuliamsha

Hesabu vitambaa vyekundu na uvitoe kimoja kimoja pamoja na kilichozibwa. Fungua nyumba ya filta ya hewa utazame ndani. Pima oili: ikiwa imepanda juu ya alama uliyoiacha, kuna dizeli au maji ndani, usiwashe. Teremsha dizeli kidogo kutoka kwenye kibakuli cha filta mpaka ije safi. Betri irudishe chanya kwanza, hasi mwisho.

Vuta kizimio, zungusha stata sekunde 10, pumzika nusu dakika, rudia mara mbili. Oili inapanda kabla injini haijapata moto. Kisha rudisha kizimio, pasha plagi za joto, washa. Ikizunguka bila kushika, kuna hewa: legeza skrubu ya juu ya filta ya dizeli, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe, kaza. Ikibidi kulegeza nati za bomba za nozeli, legeza nusu mzunguko tu na uweke uso na mikono mbali. Dizeli hutoka hapo kwa shinikizo la zaidi ya bar 100 na hupenya ngozi. Aliyepenywa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni tundu la sindano. Dawa ya kupuliza ya etha usiitumie kwenye injini yenye plagi za joto: inalipuka ndani ya bomba la hewa.

Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima wewe. Ikizima, iache inguruma polepole dakika tano, jaribu klachi na breki ukiwa bado bandani, na baada ya saa ya kwanza ya kazi fungua tena kibakuli cha filta. Maji yaliyokuwa yamejificha kwenye pembe za tangi hushuka yakitikiswa shambani.